Mizabibu Iliyojichagulia Mlezi

Siku hizo, katika bonde la Douro nchini Ureno, mizabibu iliyotimiza miaka mia ilijimiliki yenyewe kisheria. Kupitia vipimo vilivyofungwa kwenye mizizi, ilijichagulia mlezi, naye alifungwa kisheria kukaa nayo hadi kifo chake.

Idalina, mjane wa miaka sabini, alishindania shamba alilolipalilia tangu utotoni. Mpinzani wake alikuwa kampuni kubwa yenye mashine za kuvuna.

Afisa alisoma matokeo mbele ya kijiji kizima. "Mizabibu mia nne na kumi. Yote imemchagua Bibi Idalina!"

Shangwe zikalipuka. Idalina alifungua pipa lake bora, akawamiminia watu divai nyekundu, nzito, huku machozi ya furaha yakimtiririka. Binti yake Celeste, mjamzito wa miezi saba, akamkumbatia.

"Umewabwaga, mama!"

"Bado kuna jambo," afisa alisema akitabasamu. "Mizabibu imeshamchagua pia atakayekurithi."

"Nani huyo?"

"Mjukuu wako."

Watu wakashangilia kuliko mwanzo, na Idalina akainua glasi yake juu. Celeste peke yake hakushangilia. Alikuwa amelikumbatia tumbo lake kwa mikono yote miwili.