Fisi na Zamu ya Nne

Sogeeni, na mwenye chai aiweke chini, asije akaimwaga. Fisi mlafi alilitamani shamba la Bi Nungunungu. Mwana wa bibi huyo, aliyekuja kutoka mjini na viatu vinavyong'aa, alikuwa tayari kuliuza.

"Mama, umezeeka. Nani atalima?"

"Sawa. Lakini kwanza Fisi akae hapa siku nne kama mwenye shamba. Akizimaliza, alichukue."

"Nne tu?" Fisi akacheka mpaka mate yakamtoka.

Jumatatu alfajiri Ngiri akabisha. "Hodi jirani! Hapa tunalimiana kwa zamu. Leo kwangu, na yako itafika."

Fisi akalima hadi mgongo ukalia kama mlango mbovu. Jumanne wakalima kwa Kima. Jumatano wakalima kwa Kanga, mwenye mdomo usiochoka.

"Bwana Fisi, hilo jembe unalimia au unalibembeleza?"

Jioni hiyo Fisi akatoroka, akiapa kwamba majirani wale ni wabaya kuliko nzige.

Alhamisi asubuhi Ngiri, Kima na Kanga wakaingia kwa Bi Nungunungu na watoto wao wote, majembe begani. "Leo zamu ya huku!" Kabla jua halijawa kali, shamba zima lilikuwa limelimwa.

Mwana aliduwaa. Kisha akavua viatu.

"Mama, kesho tunalima kwa nani?"

"Kwa Ngiri tena. Na uwahi kuamka, baba. Yule akikuta umelala, hubisha kwa meno."