Mtu wa Himaya

"Ulizaliwa chini ya bendera ya nani?"

Bwana Adham akajiweka sawa mkekani. Tangu alfajiri alikuwa akijitengeneza: kanzu mpya, kilemba cha kashida, udi hadi ndevuni. Lakini maswali haya hakuyatarajia, na kubahatisha hakuweza. Akikataliwa hapa Ibra, Omani, leo, uzee wake ataumaliza peke yake.

"Unguja, Bi Fakhriya. Bendera ya Sultani, nyekundu."

"Na pasipoti ya baba yako iliandikwaje?"

"Mtu wa himaya ya Mwingereza."

"Ala! Kumbe wewe Mwingereza."

"La, wallahi! Alitulinda tu. Kwake hakutukaribisha."

Bi Fakhriya, ajuza wa miaka themanini, akavaa miwani na kumkagua kama mtu anayechagua samaki sokoni.

"Basi Mtanzania."

"Hata. Tulikimbia kabla hatujaulizwa."

"Na Uomani umeutoa wapi?"

"Babu yangu alitoka Samad Ash Shan."

"Nani alimwona akitoka?"

Waliomwona babu akitoka wote walikuwa makaburini zamani. Ajabu ni kwamba swali lenyewe alilijua vizuri sana. Jibu lake ndilo ambalo hakuwahi kulifikiria. Jasho likamtoka chini ya kilemba. Nyuma ya pazia mtu akacheka, kisha akajitia kukohoa.

"Niamini tu, bibi," akasema. Aliona aibu, mtu mzima kama yeye kubembeleza hivi. "Mimi mtu wa hapa. Nimefanya kazi ya serikali nchi hii mpaka nimestaafu."

"Zen, vyema. Kila mtu husema wa hapa. Shahidi unaye?"

"Wamekufa wote."

Bi Fakhriya akamjazia finjani kahawa, akamsogezea na sahani ya haluwa. Adham akapata matumaini kidogo.

"Mimi nilipokuja dirishani kwako, ofisi ya uraia Nizwa," ajuza akasema polepole, "mgeni, nimemshika mwanangu mkono, uliniuliza haya haya. Nililia mbele za watu. Ukaniambia, khalas, nenda, rudi na shahidi."

Adham akaitua finjani chini.

"Mtoto yule ndiye huyo Ghaniya uliyekuja kumposa. Kunywa kahawa yako, bwana, kisha nenda. Rudi Ijumaa, na shahidi."