Mizizi Safi

Basili aling'oa mche wa tatu wa soya, akaukung'uta udongo. Nao ulikuwa na vinundu.

Alichuchumaa pale kwenye jua la Kahe. Vinundu hivyo alivijua. Misimu miwili nyuma viliingia kwenye mizizi ya nyanya zake. Yeye akasitasita, akang'oa mche mmoja hapa, mwingine pale, na minyoo fundo inayovimbisha mizizi ikamaliza shamba zima. Tangu hapo aliapa kuliuza shamba hilo lililoingia chumvi, abaki na kihamba chake cha migomba kule Marangu.

Mektrida, mkewe, ndiye aliyemzuia. Aliomba msimu mmoja tu apande soya. Aliteremsha samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, akaleta na pakiti ya unga mweusi aliyopewa na bwana shamba. Ndani yake, alisema, mna bakteria wema. Watahamia kwenye soya, waitafutie chakula, waisaidie kuvumilia jua na chumvi.

Basili alicheka hadi akakohoa. Mpangaji gani huyo, aliuliza, anayempikia mwenye nyumba? Siku ya kupanda alikaa kando akitafuna muwa, akimtazama mkewe anavyoanza na mistari ya kando ya mfereji kabla hata hajaifungua pakiti yake. Jembe hakulishika, na sasa jambo hilo lilimuuma.

Maana Mektrida alikuwa amepanda kwenda Marangu kumuuguza mama yake, na alipoondoka aliacha ombi moja. "Nitunzie soya yangu, Baba Denis. Hii isipotoka, uza shamba. Sitasema tena."

Basili alitoa simu, kisha akairudisha mfukoni. Mwenzake alikuwa na mgonjwa anayepumua kwa shida, angemwongezeaje mzigo? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye ukuta alikwisha kuujenga mara moja. Safari hii hakutaka kusita.

Alianzia upande wa juu, akang'oa mstari kwa mstari. Kila mzizi aliutazama, na kila mzizi ulikuwa na vinundu. Miche aliirundika juu ya mabua makavu ya mahindi, akaipiga kiberiti. Mgongo ulimkatika, viganja vikachubuka, lakini hakupumzika. Alipofika mferejini ndipo alipopata nafuu ya roho. Michache aliyoichimbua huko ilikuwa na mizizi myeupe, haina hata kipele. Akairudishia udongo kwa mikono miwili, akaimwagilia, akamshukuru Mungu.

Mektrida alirudi kesho yake asubuhi. Mama alikuwa ameanza kula. Basili alimpokea barabarani, akamweleza yote kabla hawajafika shambani. Alimwomba radhi kwa vicheko vyake vya siku ile. Alisema alikuwa mjinga, na kwamba tangu sasa watalima pamoja.

"Nyingi imekwenda," alimaliza, "lakini ugonjwa nimeukata. Ile mistari ya mfereji nimekuokolea."

Mektrida alitangulia hadi shambani. Aliitazama mistari hiyo, akalitazama jivu. Kisha akainama pembeni mwa rundo, akaokota mzizi mmoja ambao moto haukuufikia, akapasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu, kibichi bado.

"Ya mfereji sikuitia ule unga," alisema taratibu. "Niliiacha tu ili tuone tofauti."

Akamwekea mumewe ule mzizi kiganjani, akamfumba vidole.

"Wapangaji wako hawa, Baba Denis. Walikuwa wameshahamia."