Mti Wenye Bega

Mti wa kumi na moja ulikuwa na bega.

Nilisogeza uso hadi kwenye kioo cha kompyuta. Asubuhi nilikuwa kwenye msitu ulio nyuma ya mtaa wetu na mashine ya leza, ile inayozunguka juu ya miguu yake mitatu na kupima unene wa kila shina. Sasa nilikuwa ofisini nafuta vichaka kwenye picha ya nukta iliyotolewa na mashine hiyo, ili mradi mikono isitulie. Mama alikuwa ametoweka nyumbani tangu asubuhi hiyo hiyo.

Simu iliita. Kaka.

"Stendi hayupo. Hospitali hayupo. Kwa shangazi hayupo. We kaa hapo hapo, usituongezee kichaa."

"Kaka, subiri."

Niliizungusha picha. Nukta za kijivu zilikuwa zimejipanga ubavuni mwa shina: kiwiko, fundo la mtandio chini ya kidevu, mkoba uliobanwa kwapani.

Wiki iliyopita nilikwenda na mama kazini, maana siku hizi akiachwa peke yake huwasha jiko akatoka zake. Nilimfundisha kama ninavyomfundisha kila mgeni: mashine ikianza kuzunguka, jibanze nyuma ya mti usionekane kwenye picha, tulia tuli.

Mvua ilianza kupiga bati.

"Nisubiri nini?" kaka alifoka. "Umemwona?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, viatu mkononi.

"Nilimwambia asitoke mpaka nimwite," nikasema. "Na mimi sijamwita."