Swali la Familia

"Sasa la familia," alisema Rogathe. Akayakoroga makande, akafunika chungu, kisha akatamka swali kwa lugha asiyoijua.

Mumewe, Eliamini, alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti karibu yaguse kidevu. Maswali ya kazi, ya chakula na ya hali ya hewa aliyajibu kwa madaha, mikono ikirushwa hewani kama ya mhubiri. Hili alilijibu ameinama: sentensi mbili fupi za Kijerumani, zilezile za jana na juzi.

"Hapo umesema nini, Baba Careen?"

"Nimekusema wewe."

"Kwa uzuri au kwa ubaya?"

"Nawe! Nimesema bila mke wangu nisingefika popote. Haya, lete linalofuata."

Rogathe alicheka, akajifuta moshi machoni kwa upindo wa kanga.

Eliamini alifundisha kemia katika sekondari ya huko Myamba. Chuo kikuu kimoja cha Ujerumani kilikuwa kimemkubali akasome shahada ya pili, ila kwa sharti: apate kwanza cheti cha Kijerumani. Mara ya kwanza aliteremka Same, akapanda basi la Dar es Salaam kwenda kufanya mtihani, akarudi amenywea. Kuandika aliweza. Kuzungumza ndiko kulikomwangusha. Alihitaji mtu wa kumhoji mpaka majibu yatoke yenyewe, na mtu huyo huku milimani angempata wapi? Ndipo akamkaririsha mkewe maswali, moja baada ya jingine, kwa kusikia tu, kama mtoto anavyofundishwa Baba Yetu.

Mwaka huohuo Rogathe naye alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Wakakubaliana mume atangulie. Akifika atawaita, yeye na binti yao Careen, na uuguzi atausomea hukohuko. Rogathe akaiacha nafasi yake. Akalima tangawizi peke yake, akamkatia ng'ombe majani, akamlea mtoto, na jioni ilipoingia akawa mtahini.

Wifi yake Ernesta hakupendezwa.

"Kaka yangu namjua tangu tunachunga mbuzi," alisema. "Mbona kila siku anakwenda kuongea na simu kule migombani?"

"Kule ndiko mtandao unakoshika. Anaongea na mwalimu wake wa mazungumzo."

"Mwalimu gani huyo, wifi? Nimepita pale, nimesikia mwanamke anacheka."

"Kwani mwalimu hacheki?"

Rogathe alimkata kauli, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Jioni alipolisikia tena lile jibu lililomsema yeye, akatulia. Mwisho akalijua lote kwa moyo. Alilisema akipalilia, alilisema akiteka maji, na likamtia nguvu.

Mara ya pili Eliamini alifaulu.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, usharika ulimwandalia chai ya kumuaga baada ya ibada. Siku hiyo palikuwa na mgeni, mama wa Kijerumani mwenye mvi. Ujanani alikuwa muuguzi huku Upareni, na Kiswahili kilikuwa bado kimelala kwenye ulimi wake. Watu wakataka wamsikie mwalimu wao akizungumza naye.

Eliamini alijishika koo. "Mafua yamenikaba," alinong'ona, akajisogeza nyuma ya wazee wa kanisa.

Rogathe alishangaa. Asubuhi ile mtu alinyoa ndevu huku akiimba kwa sauti nzima.

Mgeni akamfikia yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye mke wa mwalimu! Nimeambiwa ulimsaidia kusoma. Na wewe unajua Kijerumani?"

"Maswali tu, mama. Na jibu moja."

"Mama Careen!" Eliamini aliita, na sauti ile haikuwa na mafua hata chembe. "Hebu kaangalie chai."

"Chai anayo wifi."

"Nimesema nenda. Utatutia aibu hapa."

Watu wakageuka, vikombe mkononi.

Aibu! Rogathe alihisi uso ukimwaka moto. Yeye aliyeacha chuo, yeye ambaye viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa jembe, leo mbele ya usharika mzima amekuwa wa kufichwa. Kumbe Ernesta aliona mbali. Mtu hajapanda hata hiyo ndege, na tayari anamwonea haya mkewe wa shambani. Machozi yakamlenga, akayameza. Kama ni aibu, basi na iwe aibu. Angalau watu wasikie kwa mgeni kwamba huko aendako atamsema mkewe kwa wema.

Akamshika Careen mkono, akasimama wima, akalitamka lile jibu, polepole, neno kwa neno, bila kukwama popote.

Kwaya ya vijana ikampigia makofi. Bibi mmoja akapiga vigelegele.

Mgeni hakupiga makofi. Alimtazama Rogathe, akamtazama mtoto, kisha macho yake yakaenda kumtafuta Eliamini kule nyuma ya wazee.

"Maneno haya umeyatoa wapi, mwanangu?"

"Ni ya mume wangu, mama. Akiulizwa habari za familia yake, ndivyo anavyojibu." Akajaribu kutabasamu. "Nimeyatamka vibaya?"

"Hapana," alisema yule mama, akamshika mabega kwa mikono miwili. "Umeyatamka vizuri sana. Umesema, 'Mke wangu alifariki. Mtoto hatukujaliwa.'"