Uhakika Mtupu

Nilikuwa nimeandika ubaoni, kwa herufi kubwa, "Shangazi must have taken my watch," yaani lazima ni Shangazi aliyechukua saa yangu, na darasa zima la Kiingereza likaangua kicheko.

Shangazi ndivyo shule nzima ilivyomwita mama wa usafi. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, akisubiri tumalize. Kwake Kiingereza hakipandi, ndivyo nilivyojua, na ndiyo maana nikatamba.

"Mwalimu," akasema msichana wa dawati la mbele, "si tungetumia might? Labda saa imeanguka tu."

"Might ni ya kubahatisha. Niliiacha mezani asubuhi, na aliyeingia humu ni mmoja. Hapo ni must, uhakika mtupu. Andikeni!"

Wakaandika. Vumbi la chaki likanikaba koo, nikatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti kutafuta leso.

Kidole kikagusa chuma baridi. Saa ilikuwa humo, katikati ya mikunjo ya leso, nilimoitia mwenyewe nilipokwenda kunawa. Ilidunda kwenye ncha ya kidole changu kama moyo wa kifaranga.

Macho arobaini yalikuwa yakinitazama. Nikautoa mkono mtupu, nikajifuta jasho kwa kiganja, nikasema kipindi kimekwisha.

Walipotoka, Shangazi aliingia, akachukua kifutio, akasimama mbele ya ubao. Hakufuta.

"Mwalimu," akauliza bila kugeuka, "nifute, au wanafunzi wa mchana nao waje waandike?"