Kibanio Kwenye Kamba

Leokadia alikuwa katikati ya paa akisugua kuvu kwenye vigae alipohisi kamba ya kiunoni imelegea. Kamba hiyo ilivuka kilele cha paa na kushuka upande wa pili, ambako aliifunga mwenyewe kwenye nguzo ya baraza. Aliivuta kidogo. Ikamjia kirahisi, akazidi kuvuta mpaka kileleni kikatokeza kibanio cha nguo.

"Kolasta! Umefungua kamba?"

"Nataka kuanika mashuka, wifi. Si umeshashuka?"

"Nimeshuka wapi? Niko juu ya paa!"

Beseni lilianguka uani.

Kigae chini ya kisigino chake, kilicholowa maji aliyoyamwaga mwenyewe, kiliteleza. Alisikia kikipasuka chini kwenye saruji. Akalala kifudifudi, akang'ang'ania vigae kwa kucha.

"Wifi! Ni wewe huyo?"

"Ni kigae. Acha kulia, funga kamba! Vuta taratibu, ukinishtua naporomoka."

Kamba ilianza kurudi juu, na kibanio nacho, mpaka kikagota kileleni. Hapo ikasimama, upande wake bado imelegea. Leokadia alikikazia macho kile kibanio, akisubiri kivuke.